Temostati Zinazohukumiwa Bure Machakos

Nunua gari la zamani popote Ukambani, kisha fungua pale hosi ya juu ya rejeta inapoingia kwenye injini. Uwezekano mkubwa ni kwamba temostati haipo. Gari likichemsha, fundi wa jua kali hung'oa kwanza hicho kidude, akakitupa, akafunga. Desturi hiyo wote tunaijua. Kilichonikaa kichwani ni maelezo ya mzee mmoja wa gereji mjini Machakos, anayetunza Datsun 240Z ya mteja wake: kwamba nyingi ya temostati zinazotupwa hapa ni nzima kabisa, na anayezisingizia ni mlima.

240Z haihitaji utambulisho. Ndiyo iliyompa Edgar Herrmann ushindi wa Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973. Injini ya silinda sita, lita 2.4, kabureta mbili.

Sasa njoo kwenye sufuria. Kila fundi hupima temostati kwa namna moja: huifunga uzi, huining'iniza ndani ya maji na kuyachemsha. Maji yakitokota nayo haijafunguka yote, imekufa. Mzee huyu hufanya vivyo hivyo, ila hutumbukiza kipimajoto kando yake, na hapo ndipo kisa kinapogeuka. Mji wa Machakos uko takriban mita 1,600 juu ya bahari. Maji ya hapa hutokota yakifika nyuzi 95 hivi. Zile 100 tulizokariri shuleni ni za Mombasa.

Temostati ya kawaida ya 240Z huanza kufunguka kwenye nyuzi 82, na kitabu cha kiwanda chataka iwe imeinuka milimita 8 ifikapo 95. Yaani inamaliza kazi yake maji yakiwa tayari yanaruka. Ile iliyotengenezewa nchi za baridi huanza kwenye 88 na kukamilika kwenye 100. Hiyo, anasema mzee, ichemshe mpaka makaa yaishe. Katika sufuria ya Machakos haitafunguka yote maishani. Ndani ya injini ingefika bila taabu, kwa kuwa kifuniko cha rejeta hubana maji, na kifuniko cha paundi 13 huongeza kiwango cha kutokota kwa nyuzi 20 hivi.

Aliigeuza temostati kiganjani anionyeshe. Katikati pana kikopo kidogo cha shaba chenye nta. Nta ikiyeyuka hutanuka na kusukuma kipini, mlango ukafunguka. Pembeni mwa bamba kuna tundu dogo, na ndani yake kijipini kinachochezacheza ukiitikisa. Hicho ndicho anachokipenda kuliko vyote. Ni njia ya hewa, na lazima kikae juu. Fundi mwenye haraka hukielekeza chini, hewa ikanaswa, gari likachemsha, na lawama zikarudi palepale kwa temostati.

Wenye magari hufurahi temostati ikitolewa, maana mshale wa geji hulala chini. Mzee huichukia furaha hiyo. Asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa bado kwenye vilima vya Iveti, injini isiyo na temostati huchelewa mno kupata joto. Petroli huosha oili kwenye kuta za silinda, mvuke hubaki ndani ya oili na kuigeuza tope. Tena kuna injini ambazo bamba la chini la temostati ndilo linaloziba njia ya mkato. Liondoe, na sehemu ya maji itazunguka bila kuona rejeta. Gari litachemsha zaidi.

Mkosaji wa kweli, kwa hukumu yake, ni maji ya kisima yenye chumvi yanayojaza magaga kwenye mirija ya rejeta. Joto la nchi si kisingizio: kiwanda kilitengeneza temostati ya nchi za joto, inayofunguka kwenye nyuzi 76.5. Hakikusema tuendeshe bila.

Mbona basi desturi haifi? Madhara huja baada ya miaka, injini ikiwa mikononi mwa fundi mwingine. Nani atakumbuka kidude kilichotupwa? Halafu kuna spea bandia. Temostati ikikwama imefunga pale Kyumvi, familia nzima ikiwa garini, hedi huenda kwa dakika chache. Aliyeing'oa amekukinga na hilo angalau, na hapo siwezi kumlaumu sana.

Lakini siku utakapoambiwa yako imekufa, uliza maji yalikuwa nyuzi ngapi. Kisha oshesha rejeta, weka kulanti, kagua kifuniko. Ya kutupa ni ile iliyokataa kufunguka mbele ya kipimajoto.