Beni: Kutoka Mavivi hadi Butembo na kurudi kabla ya giza

Mavivi inajulikana kwa sababu ya ndege. Uwanja wa ndege wa Beni uko hapo, kaskazini mwa mji, katika sekta ya Beni-Mbau. Lakini wakaaji wengi wa Mavivi hutazama ndege kutoka mashambani tu. Safari yao ni ya barabara, kwa motari au kwa taksi, kuelekea kusini: kwanza Beni, halafu Butembo, zaidi ya kilomita 60 kwa jumla. Wanaenda kununua bidhaa, kumwona mgonjwa, kulipa masomo ya mtoto, kusalimia ndugu waliokimbia vita. Mtu akimaliza shughuli yake, anageuza. Ni wachache wanaochukua hata saa mbili kuutazama mji wenyewe, na hiyo ni hasara, kwa sababu historia ya Grand Nord nzima imeandikwa juu ya vilima vile.

Kinachowabana ni saa. Tangu mwezi wa kumi 2014, wilaya ya Beni imepoteza raia wengi sana katika mauaji ambayo jeshi na Umoja wa Mataifa wanayaweka hasa juu ya waasi wa ADF. Kivu Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa kijeshi tangu mwezi wa tano 2021. Barabara ya usiku si ya raia wa kawaida. Na kwa kuwa ikweta inapita kusini kidogo ya Butembo, mchana hauongezeki wala haupungui katika mwaka: ni saa kumi na mbili. Ndani ya saa hizo lazima kuingie kwenda, kutembea, kula na kurudi. Ndiyo maana watu wa Mavivi hutoka alfajiri, mara tu njia inapoanza kuwa na watu.

Mjini Beni, gari hupita karibu na Rond-Point Nyamwisi. Vijana hulitaja jina hilo kila siku kama kituo cha motari. Ni jina la Enoch Nyamwisi Muvingi, mwanasiasa aliyeuawa mwezi wa kwanza 1993, wakati wa Mobutu, na aliuawa Butembo. Kwa hiyo safari inaanza kwa jina la mtu ambaye kifo chake kiko mwisho wa barabara hiyohiyo.

Baada ya Beni, joto linabaki nyuma. Mashamba ya kakao na michikichi yanapungua, barabara inapanda, migomba na mihogo inashika miteremko. Kuna Mukulya, Kabasha, kisha Maboya katika usultani wa Bashu. Hapo Maboya, mwezi wa kumi 2022, washambuliaji waliingia hospitalini usiku na kuua watu, pamoja na mtawa mmoja aliyekuwa akihudumia wagonjwa. Wasafiri wengi wakipita hapo huacha kuzungumza kidogo, halafu mazungumzo yanarudi.

Barabara yenyewe ina historia ya ahadi. Kwa miaka mingi kilomita 54 za Beni–Butembo zilikuwa vumbi wakati wa jua na matope wakati wa mvua. Mwezi wa sita 2021, Rais Tshisekedi na Rais Museveni walikutana mpakani, upande wa Kasindi na Mpondwe, wakazindua mradi wa kutengeneza barabara za kilomita 223 ndani ya Kongo. Hizo 54 zilihesabiwa humo. Kwa mtu wa Mavivi, hesabu ni nyepesi: kila nusu saa inayopunguzwa njiani ni nusu saa zaidi ya kukaa Butembo.

Butembo inaonekana kabla ya kufikiwa: mabati juu ya kilima, halafu kilima kingine, na kingine. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na anayetoka Mavivi bila koti atajuta asubuhi. Usitafute hapa jengo la makumbusho wala tiketi ya kuingia. Afadhali kuanza Kitatumba. Leo jina hilo ni la hospitali kuu, lakini mizizi ya mji ni ya dhahabu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Wabelgiji, Minière des Grands Lacs, ilikuja kutafuta dhahabu, ikaleta wafanyakazi, na wafanyakazi wakaleta soko. Serikali ya kikoloni iliweka ofisi zake Lubero. Lubero ikabaki mji mdogo wenye bendera, Butembo ikakua. Hadhi ya mji wenyewe ilipewa mwaka 2003 tu, na mitaa yake minne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba.

Kutoka Kitatumba, kushuka hadi barabara ya Président de la République ni kuingia katika sura ya pili. Maduka yanagusana. Wafanyabiashara Wayira walianza na mboga na maharagwe yaliyopelekwa Kisangani, kisha kahawa iliyopita Uganda kuelekea Mombasa, baadaye wakafika Dubai na Guangzhou. Mwaka 1982 mtafiti Vwakyanakazi Mukohya aliandika tasnifu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, juu ya wafanyabiashara wa Butembo kati ya 1960 na 1980. Mji ambao kwa miongo mingi haukuwa na umeme wa serikali ulikuwa tayari unasomwa Marekani! Jenereta ziliwasha taa, na wafanyabiashara walijenga hata uwanja wa ndege wa Rughenda.

Sura ya tatu ni ya kanisa. Mapadre Waasumptionisti walifika eneo la Beni mwaka 1929, na jimbo likaundwa 1959. Lakini jina linalotajwa zaidi mjini ni la Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, UCG, kilifunguliwa 1989 wakati wake. Alipokuwa askofu mkuu wa Bukavu, waasi wa RCD walimzuia kurudi huko mwezi wa pili 2000. Alifungiwa Butembo, mahali alipojulikana na kila mtu. Aliruhusiwa kurudi Bukavu mwezi wa tisa, na mwezi uliofuata akafariki Roma.

Jeraha la karibu zaidi ni Ebola. Mlipuko uliotangazwa mwezi wa nane 2018 uliua zaidi ya watu 2,200 hadi ulipokwisha mwezi wa sita 2020. Katwa na Butembo zilikuwa kati ya sehemu zilizoumia sana. Vituo vya matibabu vilishambuliwa, na mwezi wa nne 2019 daktari wa OMS kutoka Kameruni, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi katika kliniki za UCG. Anayetembelea chuo leo anakuta wanafunzi na madaftari, lakini wauguzi wa wakati ule bado wanaishi mjini.

Kufikia saa saba mchana, chakula ni haraka: bundu na sombe, au viazi vya milimani Lubero. Sokoni, kabichi na viazi hununuliwa kwa ajili ya nyumbani, maana Mavivi bei ni nyingine. Saa nane madereva wa taksi za Beni wanaanza kuita abiria. Kanisa kuu halijaonekana? Litabaki kwa safari nyingine. Anayechelewa hapandi gari. Hulala kwa ndugu, na kabla ya jua kuzama hupiga simu Mavivi ili watu wasianze kumtafuta.