Kijana Akitunga Hadithi, Mzazi Asikilize

Wako wazazi ambao wakimkuta kijana ameinamia daftari usiku akitunga hadithi, humgombeza: "Soma vitabu vya shule! Hadithi hazitakulisha." Wengine hulirarua daftari lenyewe. Kijana hatabishana nao. Ataanza kuficha anayoyaandika, na hatimaye ataacha kuandika.

Wengine nao husema hawana elimu ya kumsaidia. Udhuru huo haufai. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru mwaka wa 1938 na kufariki mwaka wa 2025, alilelewa na mama asiyejua kusoma wala kuandika. Mama huyo, Wanjiku, ndiye aliyempeleka shule. Mwanawe alipomletea habari za mtihani, alimwuliza kama huo ndio uwezo wake wote. Mwaka wa 1964 riwaya ya kwanza ya mwana huyo, Weep Not, Child, ilichapishwa.

Swali kama hilo halihitaji shahada. Basi, mzazi mwenzangu, kazi za shule zikiisha, mwambie kijana akusomee alichotunga. Sikiliza mpaka mwisho. Usirukie makosa ya tahajia. Hayo mwachie mwalimu. Muulize: "Na yule mzee, baadaye alikwenda wapi?" Atarudi kwenye daftari mbio kulitafuta jibu. Mnunulie daftari la kutungia, na usilifungue bila ruhusa yake.

Ni kweli, samaki mkunje angali mbichi. Lakini angalia, usimvunje.