Nyimbo za Kukua Nilizozisikia Meru na Embu

Sisi watu wa pwani, Meru twaijua kwa miraa, na Embu twaijua kwa kupita tu tukiwa safarini. Mimi niliishi huko miaka kumi nikisomesha. Ndugu msomaji, leo nataka kukusimulia habari ya nyimbo nilizozisikia huko, na swali moja la mtoto wangu ambalo nyimbo hizo zilinitwisha.

Nilipelekwa huko mwaka 1988, nikitoka Mombasa na sanduku moja na msala. Basi letu liliondoka Embu alasiri. Njia ile ina makona mengi. Unavuka mto Thuci, unaingia nchi ya Chuka, na kila ukishuka bonde unakuta mto mwingine unaotoka mlimani. Ilikuwa mwezi wa Agosti. Tulipokaribia Chuka dereva akapunguza mwendo, kisha akasimama kabisa. Mbele yetu barabara imejaa vijana, matawi mkononi, wanaimba kwa kishindo. Moyo ulinienda mbio. Nilidhani ni ghasia. Nikaanza kusoma Ayatul Kursiyyu kimya kimya.

Mzee niliyekaa naye, ambaye tulikwisha kujuana tangu Embu, akacheka. "Usiogope, Mwalimu," akaniambia. "Yule wa katikati kesho anatahiriwa. Wenzake wanamwimbia ili ajue anakokwenda."

"Wanamwambia nini?" nikauliza.

"Wanamwambia itauma. Wanamwambia akilia, aibu haitakuwa yake peke yake, itakuwa ya nyumba yao na ya rika lake. Tena wanamwambia kuanzia kesho asiingie ovyo chumbani kwa mamake."

Nikanyamaza, nikamkumbuka ndege. Wanaume wa pwani watanifahamu upesi. Nilikuwa mtoto wa miaka sita, nimevishwa kanzu mpya, nimeshikwa na mjomba, na ngariba akaniambia, "Mtazame ndege yule juu!" Nikatazama juu. Hapakuwa na ndege. Baadaye nikapewa halua na sumuni, na watu wakaomba dua, basi yakaisha. Hakuna aliyeniambia litakuja nini, wala limekwisha nini. Kijana yule wa Chuka, mwenye umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, alikuwa anaambiwa yote mapema, tena na wenzake, tena kwa wimbo.

Kila umri na wimbo wake

Kwa muda wa miaka ile nilijifunza kusikiliza. Watu wa Chuka ni mabingwa wa ngoma. Ngoma zao ni ndefu, mpigaji huzibana kati ya mapaja akacheza nazo, na wapigaji wao wamekwisha kujulikana katika sherehe za taifa. Wameru wana wimbo wa majibizano wa msimu wa tohara, waitao kirarire: mmoja hutoa, mwingine hujibu kwa fumbo, na asiye na jibu huchekwa. Mtu wa pwani akiusikia atakumbuka malumbano yetu ya mashairi, ambapo fundi humfunga mwenziwe fundo na kumngoja alifungue.

Siku za mwisho wa juma nikishuka Embu mjini. Huko nilikuwa na jirani yangu wa sokoni, mama mzee wa Kiembu aliyeuza ndizi, nami nikimwita nyanya. Siku moja nilimwuliza kwa nini hakuziimba tena zile nyimbo za kuchunga alizokuwa akinisimulia. Akashangaa. "Mwanangu, mimi nimekwisha kuzivuka," akasema. "Ukinisikia nikiimba wimbo wa watoto, na simbembelezi mtoto, niitie daktari."

Maneno yale yalinifungua macho. Kwa watu wa Embu kila umri ulikuwa na wimbo wake: wa kubembelezwa, wa michezo, wa tohara, wa arusi, wa kazi, wa wazee. Mtu alijua amefika wapi kwa kujua anaruhusiwa kuimba nini. Wataalamu wa huko hawakuyaacha yapotee. H. S. K. Mwaniki alitoa kitabu mwaka 1986 juu ya aina za nyimbo na ngoma za Waembu, na Ciarunji Chesaina akakusanya fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere katika kitabu chake cha mwaka 1997.

Hata hivyo si kila wimbo uliokuwa mwema. Nyingine zilimtukana asiyetahiriwa kama kwamba si mtu. Nyingine zilikuwa na maneno ambayo siwezi kuyaandika katika ukurasa huu. Na wako vijana waliofanya msimu ule kuwa wa pombe na kuwapiga wadogo zao. Nayasema haya ili msomaji asidhani nimerogwa na ngoma za watu.

Kisiwa cha Mbwaa

Kuna hadithi moja ya Wameru ambayo watu wa pwani yatupasa kuijua, kwani sisi tumo ndani yake. Wazee wao husema kuwa asili yao ni Mbwaa, kisiwa cha baharini, ambako walitawaliwa na watu wakali waitwao Nguo Ntuni, yaani nguo nyekundu. Watu hao waliwapa mitihani mizito. Waliambiwa watengeneze kiatu chenye manyoya pande zote mbili, wakaweza. Mwisho waliambiwa wafue mkuki wa kufika mbinguni. Hapo wakaona dawa ni kukimbia. Kiongozi wao akayagawanya maji kwa fimbo, wakavuka. Waliovuka usiku wakaitwa weusi, waliovuka alfajiri wakaitwa wekundu, na waliovuka jua limetoka wakaitwa weupe. Hata leo koo zao hugawika hivyo.

Msomaji wa Kiislamu atakumbuka mara moja kisa cha Nabii Musa, na wataalamu nao hubishana juu ya mfanano huo. Wako wanahistoria waliokitafuta kisiwa cha Mbwaa katika visiwa vya Lamu. Mimi si mwanahistoria. Ila nilipokisikia kisa kile niliona kina umbo lile lile la nyimbo za vijana barabarani: unatolewa kwenu, unapewa mtihani, unavuka gizani, na unatokea ng'ambo ukiwa na jina jipya.

Wasichana na wembe

Sasa nafika mahali pagumu. Kwa vizazi vingi tohara ya huko ilikuwa ya wavulana na ya wasichana pia. Ile ya wasichana ina madhara makubwa, na wengine imewaua. Mwezi wa Aprili 1956, wakati wa Hali ya Hatari, Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, likisukumwa na serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Wazee wanaume walikaa, wakaamua, wakatangaza.

Lililofuata hawakulitazamia. Wasichana walinunua nyembe madukani, wakaenda vichakani, wakakatana wao kwa wao. Wakaitwa Ngaitana, maana yake "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa kwa kuvunja amri ile. Na mambo yalifanywa kwa hofu na haraka, bila ya karamu na ngoma zilizozoeleka. Amri ilitaka kuondoa kisu, kumbe ilichoondoa ni wimbo, na kisu kikabaki.

Nilikuwa nikilifikiria sana jambo hili. Wasichana wale walikuwa wakitafuta nini hata wakajiumiza hivyo? Naona walikuwa wakitafuta kuvuka. Waliogopa kubaki watoto maisha yao yote, kwa kuwa hapakuwa na mlango mwingine waliofunguliwa.

Mlango huo ulifunguliwa baada ya miaka arobaini. Mwezi wa Agosti 1996, katika kijiji cha Gatunga huko Tharaka, nchi ya joto, mawele na mbuzi, familia kama 30 zilikubali kuwavusha binti zao bila ya kuwakata. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilisaidia jambo hilo pamoja na shirika la PATH. Wasichana waliwekwa ndani juma zima, wakafundishwa na wanawake wakubwa habari za mwili, heshima na maisha. Siku ya kutoka wakapokelewa kwa nyimbo, ngoma na zawadi, mbele ya kijiji kizima. Mambo hayo yakaitwa Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno.

Sisemi kuwa yameisha. Sheria ya mwaka 2001 ilikataza kuwakata watoto, na ile ya mwaka 2011 ikakataza kumkata mwanamke yeyote, lakini mambo ya siri bado yapo. Hata hivyo Gatunga ilionyesha kwamba mzazi husikia zaidi akipewa kitu cha kushika mahali pa kile anachoambiwa akiache.

Swali la binti yangu

Mwaka ule ule wa 1996 binti yangu alikuwa na miaka kumi. Alisoma na watoto wa huko, na habari za Gatunga zilikuwa zimefika shuleni. Jioni moja, tumekwisha kuswali magharibi, akanikalia karibu akaniuliza, "Baba, mimi nitaimbiwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Sisi Waislamu tuna Qur'ani, mwanangu." Akaitikia, "Naam, Baba," kwa adabu, akaondoka. Nami nikabaki na haya, kwa sababu nilijua nimemwonyesha ndege.

Qur'ani yenyewe ina sura ya Luqmani, na ndani yake baba anakaa na mwanawe akimwusia neno baada ya neno: asimshirikishe Mungu, asiwatazame watu kwa kiburi, asipaze sauti. Baba yule hakumtuma mwanawe akaulize kwingine. Tena wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili vizuri. Mwana Kupona wa Pate alipokuwa mgonjwa, mnamo mwaka 1858, alimtungia binti yake utenzi wa kumwongoza njia, nao unasomwa hata leo. Na katika majumba yetu alikuwako somo, au kungwi, aliyemweka mwari ndani akamfundisha hedhi, josho, usafi, stara na jinsi ya kukaa na watu. Unyago tuliousikia sisi kwa mama zetu ulikuwa wa maneno na ngoma, haukuwa na wembe. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwezi wa Aprili 2013, dunia nzima ilimjua kwa taarabu, lakini kazi yake nyingine ilikuwa hiyo ya kuwafunda wari.

Yaani lile ambalo watu wa Tharaka walilitafuta kwa jasho, sisi tulikuwa nalo ndani. Tumeliacha lini? Wengine wameliacha kwa kuona ni ushamba. Wengine kwa sababu masheikh walikemea maneno machafu yaliyoingia katika ngoma, na kukemea kwao kulikuwa na haki. Lakini tulipoyatupa machafu tuliyatupa na masafi yake. Siku hizi kijana wetu wa kiume huonyeshwa ndege akiwa mchanga, kisha huachwa mpaka siku ya kuoa. Katikati hapo mitaani wapo wa kumfunza, na wengine wao wana unga mfukoni. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nasi sote tunaona ada anazotoza ulimwengu.

Likizo iliyofuata nilimpeleka binti yangu Mombasa kwa mama yangu. Nilimwambia mama swali lile kama lilivyo. Hakunijibu, alinitazama tu, kisha akamwita mjukuu wake ndani, akafunga mlango. Walikaa siku tatu. Sijui waliambiana nini, wala hainihusu. Nilisikia sauti ya mama akiimba chini kwa chini, sauti ambayo kwa miaka thelathini na zaidi sikupata kuisikia. Mtoto alipotoka alinipa mkono wa "shikamoo" kwa namna nyingine, na tangu siku ile hakuniuliza tena.

Mama amekwisha kwenda mbele ya haki, Mungu amrehemu. Binti yangu leo ni mama, na binti yake ametimiza miaka kumi na mmoja, simu mkononi. Juzi nilimwuliza kama ana maneno ya kumpa mwanawe. Akasema, "Baba, ninayo yote. Niliyaandika usiku ule ule, bibi alipolala."

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yuko bibi au shangazi aliyewahi kuwa somo, mwendee juma hili. Mchukulie kahawa na kashata, mwombe maneno masafi, na umwache aimbe kwa sauti atakayo. Ukiweza, andika.