Boila Inapokaa Kimya

Nyumba nyingi za Uingereza hupata joto lake kutoka boila moja ya gesi. Boila hupasha maji, pampu huyasukuma hadi kwenye rejeta zilizofungwa kwenye kuta za vyumba, kisha hurudi kupashwa upya. Penye tangi la maji ya kuoga, maji hayohayo hupita katika bomba lililojiviringa ndani ya tangi na kuacha joto lake humo bila kuchanganyika na ya kuoga. Ni tofauti kabisa na hita ya bafuni iliyozoeleka Nairobi au Arusha, inayopasha maji palepale yanapotokea.

Asubuhi ya baridi boila ikikaa kimya, lawama zote huiangukia. Mara nyingi huonewa. Boila husubiri amri, na amri hiyo hupita mikono kadhaa kabla ya kuifikia. Kutafuta hitilafu ni kuifuata amri tangu inapoanzia.

Huanzia kwenye saa ya kuwashia, ambayo baada ya umeme kukatika huweza kupoteza majira na kuleta joto usiku wa manane. Kutoka hapo huenda kwenye themostati ya chumba, inayoipitisha pale tu chumba kinapokuwa na baridi kuliko kiwango kilichowekwa. Themostati isiyo na waya hutumia betri, na betri zilizokwisha zimeiacha nyumba nyingi bila joto. Iliyofungwa karibu na rejeta nayo hudanganyika: huhisi joto la jirani yake na kuzima mapema, huku vyumba vingine vikiwa baridi.

Kiungo kinachofuata kinajulikana kidogo na kusumbua sana: vali ya mota. Nyumba yenye tangi mara nyingi huwa na mbili, moja ya rejeta na moja ya tangi, kila moja na kiboksi chenye wenzo mdogo pembeni. Amri ikifika, mota huifungua vali taratibu, na mwisho wa mzunguko wake hubonyeza swichi ndogo iliyo ndani. Swichi hiyo ndiyo inayowasha boila na pampu.

Wenzo huo husema mengi. Vali ikiwa imefungwa, wenzo ukisukumwa hukaza, kwa kuwa springi inauvuta. Mota ikishaifungua, wenzo hulegea. Ukikaza ilhali themostati inaomba joto, ama mota imekufa ama amri haijafika. Ukilegea na boila isiwake, inayoshukiwa ni ile swichi ndogo. Swichi hiyo ikinata, boila huendelea kuwaka hata saa ikiwa imezimwa. Rejeta zikipata moto wakati yameombwa maji ya kuoga tu, vali ya rejeta imekwama wazi. Ndani ya kiboksi mna umeme wa volti 230, hivyo uchunguzi wa mwenye nyumba huishia kwenye wenzo.

Kwa maji ya kuoga, themostati ya tangi hufungwa ubavuni mwake na huwekwa kwenye nyuzi 60 hivi. Chini sana ya hapo bakteria wa lejionela huweza kuzaliana. Juu sana, maji huunguza.

Chumba kimoja kikiwa baridi peke yake, kosa liko kwenye rejeta yake. Baridi juu ni hewa, nayo hutolewa kwa ufunguo mdogo mfumo ukiwa umezimwa. Baridi chini ni tope jeusi la kutu. Baada ya kutoa hewa, geji ya boila huangaliwa: mfumo ukiwa umepoa, presha huwa kati ya bari 1 na 1.5, na boila nyingi hukataa kuwaka ikishuka mno. Wakati wa barafu, bomba la plastiki linalotoa maji ya boila nje huweza kuganda na kuizima. Huyeyushwa kwa maji ya uvuguvugu, kamwe si yanayochemka.

Yaliyo nyuma ya kifuniko cha boila ni kazi ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, rejista rasmi ya mafundi wa gesi, kwani gesi isiyoungua vizuri hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua. Kadi ya fundi ina picha yake mbele, na nyuma imeandikwa aina za kazi anazoruhusiwa kufanya.