Safari ya Kwanza ya Meli

Mwananchi wa Kakonko hukulia vilimani, mbali na mawimbi. Anapojaaliwa kupanda meli mara ya kwanza, iwe katika Ziwa Tanganyika au, kwa mwaliko wa jamaa, katika bahari za Ulaya, hana budi kuichunguza ratiba kabla ya kutoa nauli.

Jina la mji katika ratiba si gati. Meli inayotangazwa kwenda Roma hufunga gati Civitavecchia, yapata kilometa 80 kutoka mji huo, na saa kadhaa za siku huishia njiani. Huko Santorini, Ugiriki, meli kubwa hubaki majini na abiria hupelekwa pwani kwa mashua. Jambo hilo si geni kwetu. MV Liemba, iliyoanza kazi kwa jina hilo mwaka 1927, kwa miongo mingi ilishusha abiria wa vijiji vingi kati ya Kigoma na Mpulungu kwa mitumbwi, kwa kukosa gati. Kwa mzee, au mama mwenye mtoto mgongoni, tofauti hiyo ni kubwa.

Tunamshauri basi msafiri mgeni achague njia fupi, yenye bandari chache na saa nyingi za kukaa nchi kavu.

Lakini usalama hauchaguliwi na abiria peke yake. Ndugu zetu wa visiwani hawajasahau Spice Islander ya mwaka 2011, wala MV Nyerere iliyozama karibu na Ukara mwaka 2018, zote zikiwa zimejaza kupita kiasi. Wahusika wahakikishe kwamba idadi ya watu na maboya ya kujiokolea hukaguliwa kabla ya nanga kung'olewa. Msafiri achague njia. Serikali ilinde maisha yake.