Wakfu kwa Ajili ya Bahari

Nyumba kongwe za Mji wa Kale wa Mombasa zina vyumba virefu na vyembamba, na upana wake ulikadiriwa kwa boriti za mkoko, kwani dari ya mawe na chokaa ilikaa juu ya miti hiyo, na fundi hakuthubutu kukitanua chumba kupita urefu ambao boriti ingeweza kuuhimili. Kuta nazo ni mawe ya matumbawe, na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa. Hata ikasadifu kwamba kila aliyezaliwa katika mitaa ya Kibokoni na Mkanyageni amelelewa ndani ya mazao ya bahari, ajue asijue.

Leo, katika hori ya Tudor, ile iingiayo kwa mlango wa Bandari ya Kale, ikapita chini ya daraja la Nyali na kukizunguka kisiwa kwa upande wa kaskazini, msitu ulio jamaa na boriti hizo umeingiwa na maangamizi. Wataalamu waliolinganisha picha za setilaiti za mwaka 1992 na za mwaka 2009 waliona kwamba mikoko ya hori hiyo ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ukataji wa kuni na miti ya kujengea ulikuwa sehemu ya sababu, na maji machafu ya mji yakaongeza dhara. Aidha, katika hori jirani ya Mwache, mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliteremsha tope jingi kutoka bara, likaifunika mizizi ambayo kwayo miti hupumua, na miti ikafa ingali imesimama.

Habari hizi tumezipata kwa sababu walikuwako watu waliopima na kuandika, na kupima kwataka fedha. Joto la bahari lilipozidi mwaka 1998 na matumbawe ya pwani yetu yakapauka na kufa kwa wingi, ukubwa wa hasara uliweza kujulikana kwa kuwa tangu miaka ya 1980 watafiti walikuwa wakizamia miamba ya Kenya, ikiwamo ile ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1986, wakihesabu matumbawe na samaki mwaka baada ya mwaka. Kutokana na msiba huo ikazaliwa mwaka 1999 taasisi ya utafiti wa matumbawe ya CORDIO, ambayo makao yake ya Afrika Mashariki yako hapa Mombasa. Lau wale wa kwanza wangalingoja msiba ndipo waanze kuhesabu, wasingalikuwa na la kulinganisha.

Basi kijana asomaye elimu ya hifadhi ya viumbe, ambaye ana hamu na bidii lakini hana nauli ya mashua wala bei ya vifaa, atapata wapi msaada? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuukadiria asilimia 2 ya pato la taifa, kiwango ambacho hadi sasa hakijapata kutimizwa. Ulimwenguni nako, mataifa yaliyokutana Montreal mwezi wa Desemba 2022 yaliahidi kuzipa nchi zinazoendelea dola bilioni 20 kwa mwaka kwa ajili ya viumbe hai ifikapo 2025. Lakini mwaka huo ulipowadia, Marekani, ambayo si mwanachama wa mkataba wa kimataifa wa viumbe hai, ililivunja shirika lake la misaada la USAID, na miradi mingi ya Afrika ikakatika katikati ya kazi.

Hata hivyo milango haikufungwa yote. Jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya WIOMSA, iliyoasisiwa mwaka 1993 na kufanya makao yake Unguja, imekuwa ikitoa ruzuku ndogo ziitwazo MARG, zinazowafaa hasa wanafunzi wa shahada za juu. Na wakfu wa Rufford wa Uingereza hutoa ruzuku za kuanzia kwa wahifadhi chipukizi wa nchi kama zetu. Mwombaji na ajiandae mapema: atahitaji wadhamini wa kielimu watakaomshuhudia, kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na idhini ya Shirika la Wanyamapori ikiwa kazi yake imo ndani ya hifadhi. Fauka ya hayo, swali lake liwe moja na lipimike, kwani swali pana humaliza fedha kabla ya kuleta jawabu.

Lakini ruzuku aghalabu ni ya mwaka mmoja au miwili, ilhali mkoko hauulizi mwaka wa fedha. Tutazame Gazi, kusini mwa Mombasa. Mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 umekuwa ukiuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na mapato yake yakawapa wanakijiji maji na vifaa vya skuli, haukuota kwa usiku mmoja. Nyuma yake mna takriban miaka ishirini ya majaribio ya kupanda mikoko, yaliyofanywa na watafiti kama Dk. James Kairo wa taasisi ya utafiti wa bahari ya KMFRI, ambayo makao yake makuu yako Mkomani, Mombasa. Wanunuzi walikuja mwisho, subira ilitangulia.

Fedha zenye subira pwani hii imezijua tangu kale, nazo ni wakfu: mali ambayo asili yake haiguswi, na faida yake hutumika kwa mambo ya kheri daima dumu. Kwa moyo kama huo kilizaliwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopo Tudor, ambacho asili yake ni Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyoanza kusomesha mwaka 1951 kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamaa ya Mabohora na serikali ya kikoloni, juu ya ardhi iliyotolewa na Sheikh Khamis bin Mohamed bin Juma Mutafi. Walioweza kuwaza mafundi wa vizazi vitakavyokuja hawakuwa watu wa dunia nyingine. Walikuwa majirani wa babu zetu.

Naona basi ni wajibu wetu kuasisi wakfu kwa ajili ya bahari, ambao faida ya duka moja au nyumba moja ya kupangisha itamlipia kila mwaka mwanafunzi mmoja kuipima mikoko ya Tudor mahali pale pale na kwa njia ile ile: mkoko, mchu, mlilana na mkandaa, iliyo hai na iliyokufa, pamoja na miche mipya. Matokeo yake yasomwe kwa Kiswahili mbele ya wavuvi wa hori, ambao wana haki ya kuyajua kabla ya mtu yeyote. Chuo kitoe msimamizi, KMFRI itoe mafunzo, na wenye mali wa Mombasa watoe asili ya wakfu. Wakifanya hivyo, watakuwa wamewapa wajukuu zao kitu ambacho mfadhili wa mbali hawezi kukiahidi, nacho ni hakika kwamba bahari yao itaangaliwa mwaka hata mwaka, awepo wa kuombwa au asiwepo.