Burundi: Nishani mbili za Olimpiki na milango iliyofungwa na kanuni

BURUNDI ina nishani mbili pekee katika historia yake ya Michezo ya Olimpiki: dhahabu ya mwaka 1996 na fedha ya mwaka 2016. Kwa Kenya, hayo ni mavuno ya alasiri moja. Hata hivyo, historia ya nishani hizo inaonyesha kwamba mwanariadha wa taifa dogo huweza kushindwa ofisini kabla hajakanyaga uwanja.

Kwa kawaida, mwanamichezo hawezi kujiandikisha mwenyewe katika Olimpiki. Ni sharti aandikishwe na kamati ya taifa lake, nayo iwe imetambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC). Burundi ilijipatia uhuru mwaka 1962, lakini kamati yake haikutambuliwa hadi mwaka 1993.

Aliyeumizwa na pengo hilo ni Dieudonne Kwizera, mkimbiaji hodari wa masafa ya kati. Michezo ya Seoul ya 1988 na ya Barcelona ya 1992 ilimpita, si kwa kukosa kasi, bali kwa kukosa kamati ya kumwakilisha.

Burundi ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, jijini Atlanta mwaka 1996, umri ulikuwa umeanza kumtupa mkono Kwizera. Alipata kushiriki kutokana na ukarimu wa mwenzake, Venuste Niyongabo, aliyehesabiwa miongoni mwa wakimbiaji bora zaidi duniani katika mita 1,500. Niyongabo alimwachia nafasi hiyo, naye akajitosa katika mita 5,000, mbio ambazo hakuwa amezizoea.

Nyumbani, hali ilikuwa tete. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeendelea tangu kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993. Mnamo Julai 25, 1996, Michezo ikiwa inaendelea, Pierre Buyoya alitwaa mamlaka kwa mapinduzi.

Siku tisa baadaye, Niyongabo alishinda fainali kwa dakika 13:07.96. Mkenya Paul Bitok, aliyekuwa pia ametwaa fedha Barcelona, alikuwa wa pili kwa tofauti ya sekunde 0.20 tu. Kwizera hakupita mchujo wa mita 1,500, lakini alikuwa hatimaye ameshiriki Olimpiki.

Nishani ya pili ilisubiriwa kwa miaka 20. Jijini Rio de Janeiro, Francine Niyonsaba alitwaa fedha ya mita 800 kwa dakika 1:56.49, nyuma ya Caster Semenya wa Afrika Kusini na mbele ya Mkenya Margaret Wambui.

Safari hii, kizuizi kilikuja baada ya ushindi. Kanuni za Shirikisho la Riadha Duniani zilizoanza kutekelezwa Mei 2019 ziliwataka wanawake wenye maumbile fulani na kiwango cha juu cha homoni ya testosteroni wakipunguze iwapo wangetaka kushiriki mbio za kati ya mita 400 na maili moja. Shirikisho lilishikilia kwamba lengo lilikuwa kulinda usawa katika mashindano ya wanawake. Wapinzani walisema ni kuwaadhibu watu kwa jinsi walivyozaliwa. Wote watatu wa jukwaa la Rio waliathiriwa.

Niyonsaba hakukata tamaa. Alihamia masafa marefu. Katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, alimaliza wa tano katika mita 10,000, na Septemba mwaka huo akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 ya dakika 5:21.56 jijini Zagreb. Lakini Machi 2023, Shirikisho lilipanua kanuni hizo zikahusu mashindano yote, na mlango huo nao ukafungwa. Mwaka 2024, Burundi ilirejea kutoka Paris bila nishani.

Kenya ilimkosa Wambui, lakini haikukosa wengine wa kuijazia nafasi. Mary Moraa alitwaa shaba ya mita 800 jijini Paris. Burundi ilipomkosa Niyonsaba, ilikosa mmoja kati ya wawili pekee waliowahi kuipandisha jukwaani.